Mota Imechoka: Itengenezwe au Inunuliwe Nyingine?

Je, mashine yako ya kufyonza vumbi imeanza kutoa cheche na kupoteza nguvu? Usikimbilie dukani, msomaji. Mwambie fundi aifungue ukiwapo. Mara nyingi kilichokwisha ni kaboni tu, vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Bei yake ni ndogo. Badilisha vyote viwili pamoja. Ikikwaruza, huenda ni beringi, nayo hubadilishwa. Lakini nyaya za shaba zikiwa zimeungua, usishawishiwe zisukwe upya. Mota hizi huzunguka mara 20,000 au zaidi kwa dakika. Zikikosa usawa kidogo tu, hujiharibu. Hapo nunua mota nzima, ila kama bei yake inakaribia ya mashine mpya. Na mfuko wa vumbi, uliumwaga lini? Ukijaa, mota hukosa hewa ya kuipoza.