Nusu ya kitambaa: tunachojifunza katika Makumbusho ya Watoto wa Kuokotwa

Sisi wanafunzi wa lugha tumezoea kuitafuta historia katika maandishi. Lakini wanawake wengi wa zamani hawakujua kuandika, na watoto wao wachanga ndiyo kabisa. Habari zao tutazisoma wapi? Makumbusho moja ya mjini London, Foundling Museum, yaani Makumbusho ya Watoto wa Kuokotwa, yanatupa jibu. Makala haya yanaeleza mgeni anakuta nini humo, na kwa nini jambo hilo linatugusa sisi wa Kongo pia.

Makumbusho yalifunguliwa mwaka 2004, ila habari yake ni ya zamani zaidi. Inaanza na Thomas Coram, nahodha wa meli, aliyechoka kuona watoto wachanga wametupwa kando ya barabara za London. Alihangaika miaka 17 kuomba msaada wa wakubwa, na mwaka 1739 mfalme George wa Pili akatoa kibali cha kuanzisha Foundling Hospital. Neno hilo la mwisho lisitudanganye: hapakuwa mahali pa kutibia wagonjwa, bali nyumba ya kulelea watoto ambao mama zao hawakuweza kuwatunza. Watoto wa kwanza walipokelewa Machi 1741.

Akina mama waliokuja walizidi nafasi. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1742 ikapigwa kura. Kila mama alitia mkono ndani ya mfuko na kutoa kipira. Akipata cheupe, mtoto anapokelewa kama ana afya nzuri. Akipata chekundu, anangoja. Akipata cheusi, anarudi na mtoto wake.

Mtoto aliyepokelewa alipewa namba, akabatizwa jina jipya. Katika miaka ya mwanzo mama hakuulizwa jina lake, ili asiaibishwe. Lakini siri hiyo ilileta shida: siku mama akipata nafuu na kurudi, atamtambuaje mwanawe? Ndiyo maana aliombwa kuacha alama. Alama ilibandikwa kwenye karatasi ya mapokezi yenye tarehe na namba ya mtoto, karatasi ikakunjwa na kutiwa muhuri. Ingefunguliwa siku ya kudai mtoto tu.

Alama hizo ndizo moyo wa makumbusho haya. Mgeni anaona sarafu iliyochorwa herufi, pete, ganda tupu la kokwa. Nyingi zaidi zilikuwa vipande vya nguo, na maelfu yake yanahifadhiwa hadi leo katika nyaraka za mji wa London. Hapa mwanamke wa Lubumbashi hahitaji mkalimani. Anajua kwamba kikwembe kinasema: rangi yake, maua yake, siku kilipovaliwa. Mama wa London aliyekata kipande cha gauni lake alikuwa anaandika kwa kalamu aliyokuwa nayo.

Tumtazame mmoja, Sarah Bender. Februari 1767 alimleta mtoto wake Charles. Aliacha nusu ya kitambaa kilichoungwa kwa viraka, chenye moyo uliotariziwa kwa uzi mwekundu na kukatwa katikati. Nusu ya pili alibaki nayo. Nyumba ikamwita mtoto Benjamin Twirl. Miaka minane baadaye, Juni 1775, Sarah alirudi akamchukua mwanawe.

Wenye bahati hiyo walikuwa wachache mno. Kati ya watoto 16,282 waliopokelewa tangu 1741 hadi 1760, waliorudishwa kwa wazazi ni 152 tu. Zaidi ya nusu walifariki wakiwa wadogo. Wengine walikua bila kujua kwamba jina wanaloitikia si la kwanza kupewa, na kwamba ndani ya karatasi fulani kuna kitambaa kinachowangoja.

Kisa hiki kina fundisho jingine. Katika miaka ya 1860 alama kadhaa zilitolewa kwenye karatasi zake ili zionyeshwe kwa wageni. Kwa macho zilipendeza, lakini zilinyamaza. Sarafu bila karatasi yake ni sarafu tu: haina tena mtoto, haina mama. Watafiti wa siku zetu wamefanya kazi kubwa ya kupekua daftari za zamani ili kurudisha baadhi ya alama kwa watoto wenyewe. Wanafunzi wa isimu wataelewa haraka: ishara iliyoondolewa katika muktadha wake hupoteza maana.

Kwetu Kongo jambo hili si la mbali. Wakati wa ukoloni, serikali ya Ubelgiji iliwaondoa kwa mama zao watoto waliozaliwa na mama Mwafrika na baba Mzungu, ikawapeleka katika misheni, mojawapo ikiwa Katende huko Kasai. Tofauti ni kubwa: mama wa London alisukumwa na umaskini na aibu, mama wa Kasai alinyang'anywa kwa amri. Lakini jeraha linafanana, maana huku nako kuna waliobadilishwa majina, na kuna wanaotafuta asili yao katika nyaraka mpaka leo. Mwaka 2019 Waziri Mkuu wa Ubelgiji aliomba radhi. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua kwamba kunyakuliwa kwa wanawake watano, waliozaliwa Kongo na kukulia Katende, kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Ndugu msomaji, si lazima tufike London. Bibi zetu wana masanduku, na ndani yake kuna kikwembe cha arusi, shanga za mtoto, picha isiyo na maneno nyuma. Likizo ijayo tukae nao, tuwaulize, kisha tuandike nyuma ya ile picha: ni nani huyu, mwana wa nani, wapi, mwaka gani. Tufanye hivyo wakati anayejua majibu bado yuko nasi.