Louis de Funès, bwana hasira wa sinema ya Ufaransa

Louis de Funès alikuwa na miaka 50 filamu ya Le Gendarme de Saint-Tropez ilipompa umaarufu mkubwa mwaka 1964. Kabla ya hapo alipiga piano kwenye baa za Paris, kisha akapita katika filamu nyingi kwa nafasi za dakika chache, na dakika hizo ndizo zilizomfunza kuchekesha kwa nyusi na bega tu. Wapo wanaodai alijua kukunja uso, basi. Lakini mtazame: anawafokea walio chini yake, na mkubwa akitokea ananywea papo hapo. Huyo ni bosi tunayemjua (wengine ndio sisi wenyewe). La Grande Vadrouille ya 1966, anamocheza kiongozi wa okestra mwenye majivuno, iliuza tiketi zaidi ya milioni 17 Ufaransa.