Bomba la Moshi na Mpira wa Breki: Kipi Kikarabatiwe, Kipi Kibadilishwe

Pikipiki iliyotumika miaka kumi katika barabara za Karatu na Ngorongoro humpeleka mwenyewe gereji kwa kasoro za aina mbili. Ya kwanza husikika mtaa mzima: bomba la moshi, ambalo mafundi wetu huliita ekzosi, limeliwa na kutu na kutoboka. Ya pili haisikiki kabisa: mpira unaopeleka mafuta ya breki kutoka kwenye mkono wa breki hadi gurudumuni umezeeka. Kwa kuwa kelele huaibisha na mpira mkavu haulalamiki, wamiliki wengi huitumia fedha waliyo nayo kwenye bomba, na breki huachwa zisubiri mwezi ujao.

Makala haya yanamweleza mlaji kwa nini mpangilio huo ni wa hatari, kazi hizi mbili hufanywaje, na ana haki zipi mbele ya fundi na muuza vipuri. Kanuni yenyewe ni fupi: bomba la moshi laweza kukarabatiwa, lakini mpira wa breki haukarabatiwi, hubadilishwa. Mwenye fedha ya kazi moja tu aanze na breki.

Kwa nini huku kwetu

Mji wa Karatu uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kuelekea magharibi, barabara hufika lango la Loduare kisha hupanda msituni hadi ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, ambao uko juu ya mita 2,200. Kuelekea mashariki, hupita Rhotia na kuuteremka ukuta wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu, karibu na Ziwa Manyara ambalo liko chini ya mita 1,000. Kwa hiyo mwendesha pikipiki wa Karatu, awe amembeba abiria au magunia ya vitunguu vya Mang'ola, hukutana na miteremko mirefu ambayo mwenzake wa nchi tambarare haijui. Mpira wa breki uliochoka huweza kuvumilia mizunguko ya mjini kwa miezi kadhaa. Mteremko mmoja mrefu wenye kona hauusamehei.

Hali ya ardhi nayo ina mchango wake. Udongo mwekundu wakati wa masika hugandamana chini ya bomba na kulishikilia unyevu kwa siku nyingi. Wakati wa kiangazi, vumbi huingia kwenye maungio ya breki na kusaga kila linachokigusa. Pembezoni mwa Ziwa Eyasi vumbi hilo lina chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu huongeza kasi ya kutu.

Bomba la moshi: yanayorekebishika

Wengi hudhani kuwa bomba huoza kutokea nje. Mara nyingi kutu huanzia ndani. Lita moja ya petroli inapoungua hutoa maji yanayokaribia lita moja, yakiwa katika umbo la mvuke. Safari ikiwa ndefu, bomba hupata joto la kutosha na mvuke wote hutoka. Safari zikiwa fupi, kama zile za kutoka stendi hadi sokoni na kurudi, sehemu ya mvuke hupoa ndani, hugeuka maji na kukaa chini ya bomba. Ndiyo sababu mabomba mengi huwa na tundu dogo upande wa chini la kutolea maji. Fundi asiyejua huliziba tundu hilo akidhani ni kasoro, na bomba huoza upesi zaidi.

Kabla ya kukubali gharama yoyote, mlaji aombe bomba lipimwe likiwa limepoa. Ligongwe taratibu kwa mpini wa bisibisi kuanzia kwenye injini hadi mwisho. Chuma kizima hutoa mlio mkali, na chuma kilichooza hutoa mlio uliofifia. Kisha ncha ya bisibisi ikwaruze sehemu yenye kutu. Kutu ikitoka na chuma kigumu kikaonekana chini yake, bomba laweza kuokolewa. Ncha ikizama au chuma kikimomonyoka, kuchomelea ni kupoteza fedha, kwa kuwa kiraka hakipati mahali imara pa kushikilia.

Ukarabati mzuri hufuata hatua hizi. Bomba hufunguliwa na kutolewa kwenye pikipiki, wala halichomelewi likiwa mahali pake, kwa sababu cheche karibu na tangi la petroli zaweza kuwasha moto, na umeme wa mashine ya kuchomelea huweza kuharibu mfumo wa umeme wa pikipiki. Kutu huondolewa kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma king'ae. Kiraka hukatwa kutoka kwenye bati la chuma cha kawaida lenye unene unaokaribiana na wa bomba. Bati la kuezekea halifai: limepakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi unaomdhuru fundi. Mwisho, bomba hupakwa rangi maalumu ya kustahimili joto, kwani rangi ya kawaida hubabuka mara injini inapopata moto. Rangi inayong'aa juu ya kutu isiyoondolewa ni urembo wa wiki mbili, na anayenunua pikipiki iliyotumika anapaswa kuitazama kwa mashaka.

Wakati wa kurudisha bomba, gasketi inayokaa kati yake na injini iwe mpya. Ya zamani imekwisha kubonyea na haizibi tena. Injini ikiwashwa, fundi azibe kidogo mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache. Sauti ya kufuka ikisikika kwenye maungio, kazi haijaisha. Moshi wa petroli una kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu, hivyo jaribio hili lifanyike nje, kamwe lisifanyike ndani ya chumba kilichofungwa.

Kuna mambo mawili ambayo mlaji asiyakubali. La kwanza ni kuondoa kinga ya joto iliyo ubavuni mwa bomba, maana hiyo ndiyo inayoulinda mguu wa abiria usiungue. La pili ni kutoboa au kuondoa sehemu za ndani zinazopunguza sauti ili pikipiki ingurume. Kitendo hicho hakiongezi nguvu kama inavyodaiwa mitaani. Huvuruga uwiano wa hewa na petroli katika injini, huwasumbua majirani na wagonjwa, na humweka mwenye pikipiki katika hatari ya kukiuka Kanuni za Mazingira za mwaka 2015 kuhusu udhibiti wa kelele na mitetemo.

Mpira wa breki: usiorekebishika

Pikipiki nyingi za biashara zina breki ya ngoma nyuma, na mbele zina breki ya ngoma inayovutwa kwa waya au breki ya diski inayosukumwa na mafuta. Mwenye breki ya waya akague ncha zote mbili. Uzi mmoja wa waya ukikatika, waya wote ubadilishwe, kwa sababu mzigo wa uzi uliokatika huhamia kwa iliyobaki.

Katika breki ya diski, mkono wa breki ukibanwa, mafuta husukumwa kupitia mpira hadi kwenye pistoni zinazokandamiza pedi. Mafuta hayabonyei, hivyo nguvu ya vidole hufika gurudumuni bila kupungua. Mpira mpya una nyuzi imara ndani ya kuta zake ili usitanuke. Mpira uliozeeka hutanuka, na sehemu ya nguvu ya mwendeshaji huishia kuufutua mpira badala ya kulisimamisha gurudumu.

Dalili za kutazamwa ni hizi:

- Nyufa ndogo kwenye mikunjo, hasa karibu na usukani, ambako mpira hujipinda kila pikipiki inapokata kona.
- Uvimbe unaoonekana au kuhisiwa kwa mkono wakati mtu mwingine amebana breki.
- Unyevu wa mafuta kwenye maungio, mara nyingi ukiwa umefunikwa na vumbi lililoganda.
- Mkono wa breki unaozama polepole ukibanwa na kushikiliwa kwa nusu dakika. Hii ni ishara ya kuvuja au ya kuchakaa kwa pampu.
- Gurudumu linalobaki zito na diski inayopata moto hata breki isipotumika. Huenda pistoni zimekwama, au mpira umevimba kwa ndani na kuzuia mafuta yasirudi.

Mpira wenye dalili ya kwanza au ya pili hauna tiba. Kuuzungushia utepe, kuufunga kwa waya, kuukata na kuuunganisha, au kuweka mpira wa petroli mahali pake ni kumhadaa mlaji. Shinikizo ndani ya mfumo wa breki ni kubwa mno kwa viraka hivyo. Watengenezaji wengi wa pikipiki hushauri mpira ubadilishwe kila baada ya miaka 4, hata kama kwa nje unaonekana mzima. Wakati wa kuufunga, washa za shaba zinazokaa kwenye maungio ziwe mpya, na mpira upitishwe njia yake ya awali. Kisha usukani ugeuzwe kulia na kushoto hadi mwisho ili kuhakikisha kuwa mpira hauvutwi wala hausuguliwi.

Mafuta ya breki na mteremko

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Kwa DOT 4, viwango hivyo ni 230 na 155. Tofauti hii ndiyo inayoamua usalama kwenye mteremko. Breki inayobanwa mfululizo hupata joto kali. Mafuta yenye maji huchemka na kutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubonyea. Ghafla mkono wa breki hugusa usukani, lakini pikipiki haipunguzi mwendo.

Kwa sababu hiyo mafuta yabadilishwe angalau kila baada ya miaka 2, na kila mara mpira unapobadilishwa. Itumike aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha breki. Mafuta ya injini, maji ya sabuni au mafuta ya kupikia yasitumike kamwe, hata kwa dharura ya siku moja. Mafuta ya injini huvimbisha mipira midogo iliyo ndani ya pampu, na gharama ya matengenezo huongezeka maradufu. Chupa ifunguliwe mbele ya mlaji, kwani iliyokaa wazi dukani imekwisha kunyonya unyevu. Baada ya kujaza, hewa yote itolewe kupitia nipeli iliyo gurudumuni hadi mkono wa breki uwe mgumu. Mafuta yakimwagika kwenye rangi yasafishwe kwa maji mara moja, maana huibabua.

Hata breki zikiwa mpya, mteremko wa Mto wa Mbu uteremkwe kwa gia ndogo ili injini isaidie kupunguza mwendo, na breki zibanwe na kuachiwa kwa vipindi. Kuzima injini ili kuokoa petroli ni kuubeba mzigo wote kwa breki peke yake.

Haki za mlaji gereji na dukani

Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora au hali ya bidhaa, na inamtaka mtoa huduma aifanye kazi kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Ili haki hiyo iwe na nguvu, mlaji afanye yafuatayo:

- Apate makadirio ya gharama kwa maandishi kabla ya kazi kuanza, yakitenganisha bei ya vipuri na ujira wa fundi.
- Aulize kama kipuri ni kipya au kimetumika, na jibu liandikwe kwenye risiti. Mpira wa breki uliotumika usinunuliwe kwa bei yoyote.
- Achunguze kifungashio: jina la mtengenezaji, nchi kilikotengenezwa na aina ya pikipiki kinachofaa. Maandishi yenye makosa au bei ya chini mno ni ishara ya bidhaa bandia.
- Adai kurudishiwa vipuri vya zamani. Huo ndio ushahidi kwamba vilibadilishwa kweli.
- Adai risiti na aitunze.

Kasoro ikijitokeza, mlaji arudi kwanza kwa fundi au muuzaji akiwa na risiti na kipuri chenyewe. Asiporidhika, anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Kama tatizo ni ubora wa bidhaa, Shirika la Viwango Tanzania nalo hupokea taarifa. Taarifa ya mtu mmoja huweza kuwaondolea wengi bidhaa hatari madukani.

Kabla ya kuondoka gereji

Mlaji asilipe salio kabla ya kuijaribu pikipiki mahali tambarare, kwa mwendo mdogo, bila abiria. Abane breki ya mbele mara kumi, kisha akague maungio kwa kidole kikavu. Kidole kikitoka na mafuta, pikipiki irudi kwa fundi papo hapo. Bomba linalovuma litamsumbua mwenyewe hadi atakapopata fedha za kulitengeneza, na hakuna atakayekufa kwa kungoja. Breki hazina nafasi hiyo, kwa sababu abiria anayepanda nyuma hapo Karatu hana namna ya kuuona mpira huo, na ameukabidhi uhai wake kwa aliyeukagua.