Macho baada ya upasuaji wa moyo: lini usubiri, lini ukimbie

Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa moyo, kwa mfano kubadilishiwa valvu iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, anaweza kurudi kambini akisema haoni vizuri. Ukungu kidogo au macho kuchoka anaposoma hutokea, na mara nyingi hupungua taratibu katika wiki za kwanza. Amweleze daktari siku ya kliniki. Asikimbilie kununua miwani sokoni.

Lakini zipo dalili zisizongoja asubuhi: jicho kuzima ghafla, kuona nusu ya kitu, kuona kimoja kama viwili, mdomo kwenda upande, mkono kulegea. Huenda damu iliyoganda imeziba mshipa wa jicho au wa ubongo. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama dalili zimepita.

Anayetumia digoksini akiona vitu vya manjano au kijani, na kusikia kichefuchefu, huenda dawa imemzidi. Aende kituo cha afya siku hiyo, achukue na dawa zake.

Anayemeza warfarini asiiache kwa sababu amepata nafuu. Afike kliniki kabla vidonge havijaisha.