BIBI MZAA MAMA NA SIASA ZA RANGI: HOTUBA YA BARACK OBAMA YA MWAKA 2008 KWA KIPIMO CHA UKOO WA NACHINGWEA NA RUANGWA

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mjadala uliozuka mwaka 2008 baada ya Barack Obama kutaja hadharani hofu na dhana za kirangi za bibi yake mzaa mama. Hoja ya msingi ni kwamba hukumu juu ya kauli ile hutegemea mahali msikilizaji anapouanzia ukoo. Kwa kutumia mfumo wa ukoo wa mama unaojulikana Nachingwea na Ruangwa, pamoja na utani wa bibi na mjukuu, makala yanaonyesha kuwa mjukuu alikuwa na haki ya kusema, lakini namna aliyosema ilimnyima bibi nafasi ya kujibu.

1.0 Utangulizi

Tarehe 18 Machi 2008, Barack Obama, aliyekuwa akiwania kuteuliwa na chama cha Demokrati kugombea urais wa Marekani, alitoa hotuba kuhusu rangi katika Kituo cha Taifa cha Katiba mjini Philadelphia. Siku chache kabla yake, televisheni zilikuwa zimeonyesha vipande vya mahubiri makali ya Jeremiah Wright, mchungaji wa kanisa la Trinity la Chicago, ambaye alimfungisha Obama ndoa na kuwabatiza watoto wake. Obama aliyalaani maneno ya mchungaji huyo, lakini akakataa kumkana mwenyewe. Ili kueleza msimamo huo, alisema kwamba asingeweza kumkana Wright kama vile asivyoweza kumkana bibi yake mzungu, mwanamke aliyemlea na kujinyima kwa ajili yake, ambaye hata hivyo aliwahi kukiri kuwaogopa wanaume weusi waliompita barabarani, na ambaye zaidi ya mara moja alitamka maneno ya dharau ya kirangi yaliyomchoma mjukuu wake.

Sentensi hiyo moja ilizua mabishano makubwa. Wapo walioiona kuwa ni ushujaa wa kusema kweli kuhusu nyumba yake mwenyewe. Wapo waliosema kwamba mwanasiasa amemtoa bibi yake kafara ili kumwokoa mchungaji. Swali linaloshughulikiwa hapa ni hili: je, ni kwa masharti gani mtu anaweza kuutaja hadharani ubaguzi wa mzee wake bila kumvunjia heshima?

Kipimo kinachotumika ni mila za ukoo za kusini-mashariki mwa Tanzania, katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi. Sababu za uteuzi huo ni mbili. Kwanza, Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde wanaoishi katika eneo hilo wana asili ya kuufuata ukoo kwa upande wa mama, na bibi anayezungumziwa katika hotuba ni bibi mzaa mama. Pili, Nachingwea yenyewe ina historia ya mwanasiasa mwingine ambaye nyumba yake iliingizwa katika ugomvi wa rangi, yaani Eduardo Mondlane wa FRELIMO.

2.0 Tukio Moja, Masimulizi Mawili

Bibi huyo ni Madelyn Dunham, aliyezaliwa Kansas mwaka 1922 na kufanya kazi katika Benki ya Hawaii hadi kufikia cheo cha makamu wa rais wa benki. Obama aliishi naye Honolulu, pamoja na babu yake Stanley, kwa sehemu kubwa ya ujana wake. Habari za hofu ya bibi hazikusikika kwa mara ya kwanza mwaka 2008. Obama alikuwa amezisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1995, *Dreams from My Father*.

Masimulizi hayo mawili yanatofautiana. Katika kitabu, bibi anaomba apelekwe kazini kwa gari kwa sababu siku iliyotangulia mtu mmoja alimsumbua kituoni akimdai fedha, na hata alipopewa hakuridhika. Babu anakataa kumpeleka. Baadaye babu ndiye anayemweleza mjukuu kwamba mkewe alimwambia mtu yule alikuwa mweusi, na kwamba hilo ndilo linalomuudhi yeye babu. Kisha kijana anakwenda kwa mzee mmoja mweusi, mshairi anayetajwa kwa jina la Frank, ambaye anamwambia kuwa bibi ana haki ya kuogopa, kwa maana anaelewa kwamba watu weusi wana sababu ya kuchukia.

Katika hotuba, mambo hayo yote yamefupishwa. Mtu mmoja msumbufu wa kituoni amekuwa wanaume weusi wapitao barabarani. Babu aliyefikisha habari ametoweka. Neno ambalo mke alimwambia mumewe, na mume akamwambia mjukuu, limekuwa ungamo la bibi mwenyewe. Yafaa kusisitizwa kuwa mabadiliko haya si uongo wa moja kwa moja, kwa sababu hotuba inataja pia maneno mengine ya bibi yaliyosemwa kwa nyakati mbalimbali. Hata hivyo, yana athari kubwa ya kimaana. Kitabu kinasimulia tukio lenye watu wanne, kila mmoja akiwa na jambo lake: bibi ana hofu, babu ana aibu, kijana ana maumivu, na Frank ana maelezo. Hotuba inatoa mfano. Tukio humwachia mhusika utu wake, lakini mfano humgeuza kuwa alama ya kundi.

Mwelekeo huo ulijitokeza wazi zaidi siku mbili baadaye, Obama alipohojiwa na kituo kimoja cha redio cha Philadelphia. Alifafanua kwamba bibi yake hakuwa na chuki ya rangi, bali alikuwa mzungu wa kawaida mwenye woga uliojengwa na mazoea ya jamii yake. Kwa nia, kauli hii ilikuwa ya kumtetea. Kwa matokeo, iliwaudhi watu wengi zaidi, kwa kuwa sasa bibi hakuwa tena bibi wa mtu, bali kiwakilishi cha wazungu wote.

3.0 Hoja za Pande Mbili

Waliomtetea Obama walisema kwamba ubaguzi hauishi katika sheria na katika majukwaa tu. Huishi pia mezani, katika mazungumzo ya watu wanaopendana. Mwanasiasa anayezungumzia ubaguzi wa watu wengine huku akiificha nyumba yake hawezi kuaminiwa. Kiswahili kina methali inayolingana na hoja hiyo: mficha maradhi, kifo kitamuumbua.

Wapinzani walitoa hoja mbili nzito. Ya kwanza ni ya usawa. Wright alisema madhabahuni, mbele ya umati, kwa hiari yake. Bibi alisema ndani ya nyumba. Kuwaweka katika mizani moja ni kulichukua neno la faragha na kulihukumu kama neno la hadhara. Ya pili ni ya uteuzi. Katika kitabu kile kile, Obama anaeleza kuwa babu yake wa Kenya, Hussein Onyango, aliandika barua kali kupinga ndoa ya mwanawe na mwanamke mzungu, kwa kuwa hakutaka damu ya Obama ichafuliwe. Kwa hiyo mtazamo wa kirangi ulikuwapo pande zote mbili za familia. Hotuba iliutaja wa upande mmoja tu, upande wa yule aliyemlea, naye wakati huo alikuwa angali hai.

4.0 Mtazamo kutoka Ukoo wa Mama

Katika Afrika Mashariki, watu wengi walimpokea Obama kwa mkondo wa baba. Alihesabiwa kuwa Mjaluo wa Kogelo, na aliyejulikana magazetini kuwa bibi yake, au nyanya yake kama wasemavyo Kenya, ni Mama Sarah, aliyefariki mwaka 2021. Mama Sarah alikuwa mke wa babu yake, lakini hakuwa mama mzazi wa baba yake. Kwa hesabu ya ukoo wa baba, jambo hilo halikuleta taabu yoyote. Madelyn Dunham, ambaye damu yake na malezi yake yalimfikia Obama moja kwa moja, alibaki pembeni.

Hesabu hiyo hugeuka inapopelekwa Nachingwea au Ruangwa. Kwa asili ya Wamwera na jirani zao, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mamlaka ya ukoo hushikwa na mjomba. Dini ya Kiislamu, Ukristo na sheria za nchi zimeupa upande wa baba nguvu kubwa, hasa katika majina na urithi, lakini bibi mzaa mama bado hutambulika kuwa shina. Kwa kipimo hicho, Obama si Mjaluo aliyelelewa na wazungu. Ni mtoto wa ukoo wa kina Dunham. Maneno yake kwamba hawezi kumkana bibi hayawi tena tamko la ukarimu, kama mtu anayemsamehe mgeni. Yanakuwa maelezo ya jambo lisilowezekana, kwa maana mtu hawezi kulikana shina ambalo yeye ni tawi lake. Vilevile, kosa la bibi linakuwa kosa la ukoo wake yeye msemaji. Anayesema “bibi yangu aliwaogopa watu weusi” anasema pia “mimi ni wa ukoo ulioogopa watu wanaofanana nami.” Hapa ndipo palipo na uzito wa hotuba, na ndipo wasikilizaji waliohesabu kwa rangi peke yake walipopita bila kuona.

Je, mjukuu ana ruhusa ya kuyasema hayo? Utani wa bibi na mjukuu unatoa jibu. Katika jamii nyingi za Tanzania, bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake, naye mjukuu humtania bibi kwa maneno ambayo mtoto hawezi kumwambia mama yake. Mjukuu anaweza kumcheka bibi kwa uchoyo, kwa woga, hata kwa dharau yake kwa majirani. Dharau hizo zipo. Pwani ya kusini ilirithi kutoka zama za misafara ya Kilwa na Lindi mazoea ya kuwaita watu wa bara washenzi, na familia nyingi zimewahi kusikia mzee akipinga posa kwa sababu ya asili ya mchumba. Mara nyingi mjukuu ndiye awezaye kumwambia mzee kuwa amekosea, na akasikilizwa.

Lakini utani una sharti lake. Hufanyika ana kwa ana, na mtaniwa hujibu. Pasipo jibu, utani hugeuka kuwa masengenyo. Mwezi Machi 2008, Madelyn Dunham alikuwa na umri wa miaka 85, naye alikuwa Honolulu, mbali na ukumbi wa Philadelphia. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilisema mtungi usipokuwapo. Kwa kipimo cha Nachingwea na Ruangwa, basi, msemaji alikuwa na haki ya kusema kwa nafasi yake katika ukoo, lakini utaratibu wa kusema ulikuwa na kasoro.

5.0 Njia Nyingine: Mondlane na Nachingwea

Hotuba ya Obama inaweza kufahamika vizuri zaidi ikilinganishwa na mwenendo wa kiongozi aliyekabiliwa na tatizo la namna hiyo miaka 40 kabla yake. Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO tangu mwaka 1962, alikuwa mtaalamu wa masuala ya rangi kwa elimu yake. Tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern ilihusu mada hiyo. Mwaka 1956 alimwoa Janet Rae Johnson, Mmarekani mweupe, licha ya pingamizi la wazazi wa binti huyo. Janet aliongoza Taasisi ya Msumbiji mjini Dar es Salaam.

Mgogoro wa mwaka 1968, uliochochewa na wanafunzi wa taasisi hiyo pamoja na padri Mateus Gwenjere, uliwalenga walimu weupe, na ndoa ya Mondlane ikawa silaha mikononi mwa wapinzani wake. Kwa hiyo, tofauti na Obama, si yeye aliyeileta nyumba yake jukwaani. Ililetwa na wengine.

Jibu la Mondlane na wenzake lilikuwa la kinadharia. Walishikilia kwamba adui ni mfumo wa ukoloni wa Kireno, si Mreno wala mzungu kwa rangi yake. Fundisho hilo ndilo walilopewa wapiganaji katika kambi ya Nachingwea, iliyokuwa katika ardhi ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951. Mondlane aliuawa kwa bomu tarehe 3 Februari 1969. Kitabu chake kilichochapishwa mwaka huo huo, *The Struggle for Mozambique*, kinajenga hoja juu ya mfumo wa kikoloni, si juu ya familia yake.

Njia hiyo iliilinda heshima ya nyumba. Wakwe hawakufanywa kuwa somo la siasa, wala mke hakufanywa kuwa ushahidi. Hata hivyo, ilikuwa na upungufu wake. Nadharia ya mfumo inaeleza kwa nini mkoloni anabagua. Haielezi kwa nini bibi anayempenda mjukuu wake mweusi kuliko nafsi yake anaweza kumwogopa mtu mweusi kituoni. Swali hilo la pili linahitaji lugha ya nyumbani, na Obama aliithubutu.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba mjadala wa mwaka 2008 ulichanganya mambo mawili yaliyopaswa kutenganishwa: haki ya kusema na namna ya kusema. Kuhusu haki, mfumo wa ukoo wa mama unamtetea Obama kuliko alivyotetewa na wafuasi wake, kwa kuwa unaonyesha kwamba alisema kama mtoto wa ukoo, si kama shahidi wa nje. Kuhusu namna, masimulizi ya kitabu yana haki zaidi kuliko hotuba. Kitabu kilimwachia bibi tukio lake, sababu zake na mtu wa kumwelewa. Hotuba ilimwachia woga wake tu.

Madelyn Dunham alifariki tarehe 2 Novemba 2008, siku mbili kabla ya mjukuu wake kuchaguliwa kuwa rais. Wiki moja na zaidi kabla ya hapo, Obama alikuwa amesimamisha kampeni na kusafiri hadi Honolulu kumwona. Walilozungumza huko ni la nyumba yao. Kwa kipimo cha Nachingwea na Ruangwa, safari hiyo ni sehemu ya hoja: anayemtaja mzee wake hadharani ana wajibu wa kurudi akakae mbele yake, ili aliyetajwa apate kujibu.