Klei bila utelezi ni msasa: usiharibu gari la mtu

Vitz nyeusi ya mjomba ndiyo iliyonifunza. Alitaka kuiuza, nami nikajitolea kuing'arisha kwa sababu nilikuwa nimetazama video mbili na kununua kipande cha klei, ule udongo laini kama chingamu wa kung'oa uchafu ulioshika kwenye rangi. Kilainishi? Maji tupu ya ndoo. Nikasugua boneti yote kwa nguvu. Ilipokauka na kupigwa na jua, mikwaruzo ilikuwa kila mahali. Mjomba akaizunguka mara mbili, kisha akauliza, "Sasa hii umeosha ama umekuna?"

Mnunuzi alishusha bei kwa Sh15,000.

Msee, kama unaosha magari mtaani kutafuta doo na unataka kuongeza huduma ya klei, anza na hili: klei haioshi. Inang'oa vitu ambavyo sabuni imeshindwa navyo, yaani chembe za chuma kutoka kwa breki, utomvu wa miti, lami, rangi iliyorushwa na fundi jirani, au vumbi la saruji kama mteja hupitia Athi River kila siku. Uchafu huo ukishang'oka hubaki kwenye klei, na wewe bado unaendelea kuiburuta juu ya rangi. Ile klia ya juu ni nyembamba kuliko karatasi. Kinachoiokoa ni huo utando wa utelezi tu.

Maji peke yake hutiririka na kuacha klei ikikwama. Sabuni ya vyombo huteleza kidogo, lakini inaondoa waksi na kukauka haraka. Ile ya mtungi inayouzwa mtaani hata usiijaribu, hujui imechanganywa na nini. Na kuna wajuaji wanaotumia petroli! Petroli inayeyusha klei, halafu utashinda siku nzima ukibandua utando unaonata.

Mimi siku hizi natumia shampuu ya gari, ile ya kawaida isiyo na waksi ndani, nikiichanganya nzito kidogo kuliko ya kuoshea na kuitia kwenye chupa ya kunyunyizia. Ni bei nafuu na inafanya kazi. Dawa za kunyunyizia za kung'arisha haraka huteleza vizuri zaidi, ila gari moja linaweza kumaliza chupa nzima, na hapo faida imeenda. Ukipata dawa ya kuosha bila kusuuza kama Optimum No Rinse, takriban mililita 15 kwa lita moja ya maji zinatosha, na kichupa hicho kitakusukuma kitambo.

Maji nayo yaangalie. Ya kisima yakiwa na chumvi nyingi huacha madoa meupe yakikauka, hasa kwa gari jeusi. Heri ya mvua au ya mfereji.

Kabla ya yote, osha gari, kisha vaa mfuko laini wa plastiki kwenye vidole (mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku 2017, kwa hivyo tumia ule wa mkate) na upapase boneti. Ikikwaruza kama msasa, klei inahitajika. Ikiwa laini, iache, usimtoze mtu pesa za bure.

Fanyia kazi kivulini, bodi ikiwa imepoa. Nyunyizia klei na rangi, sehemu ya futi mbili hivi, upitishe taratibu bila kukandamiza. Ikianza kuvuta au kupiga kelele, ongeza kilainishi hapo hapo. Klei ikichafuka, ikunje upande safi utoke nje. Ikianguka chini, tupa, hata kama ni mpya. Najua inauma. Halafu paka waksi, maana ile ya zamani imeondoka.

Mjomba sasa ana Demio nyeupe. Nimemwomba mara tatu niifanyie klei, tena bure, na kila mara funguo zinapotea.