Hesabu si Hukumu

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Je, methali hii yasimama katika mitandao ya kijamii, ambamo kila andiko huandamana na hesabu ya walioipenda kazi hiyo? Kitufe cha kupenda kiliingizwa katika Facebook mwaka wa 2009. Wanaokitetea hudai kwamba hesabu humwongoza msomaji kwenye kilicho bora.

Dai hili lina kasoro. Katika utafiti waliouchapisha mwaka wa 2006, Salganik, Dodds na Watts waliwapa watu 14,341 nyimbo 48 zisizojulikana. Penye hesabu ya waliouchukua kila wimbo, zilizovuma zilivuma zaidi. Tena matokeo yalihitilafiana baina ya kundi na kundi. Nyimbo bora kabisa hazikuanguka mara nyingi, lakini za kati ziliweza kwenda popote. Basi hesabu haipimi umaarufu tu, bali huuumba.

Tangu 2021 Instagram huwaruhusu watumiaji kuificha hesabu hiyo. Hatua hiyo ni njema, ila haitoshi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipolumbana na washairi wa Lamu, shairi lilijibiwa kwa shairi: mjibuji hakuwa na budi kulifahamu kwanza. Kitufe hakimdai mtu ufahamu wowote.

Ni kweli kwamba mwandishi mchanga hufarijiwa na ishara ndogo. Na aipate, lakini yeye peke yake. Mbele ya hadhara, rai yetu ni kwamba hesabu iondoke, jibu libaki.